UZI: Kutoa mafuta kwenye shale kwa viyeyushi – kipi kinatoka, kipi kinabaki kwenye jiwe

#1 MwambaTope (Arusha)

Wakuu, salaam. Kuna hoja inazunguka sana kwenye magrupu ya wachimbaji na wanafunzi wa kemia hapa mjini: shale nyeusi (mwamba wa tope lililogandamana) ina mafuta, kwa hiyo kazi ni kuisaga, kuiloweka kwenye kiyeyushi kiitwacho toluini, kuchuja, kuivukiza toluini, na mafuta yanabaki chini. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Nusu iliyobaki inakula hela za watu, ndiyo maana nafungua uzi tuiweke sawa kwa vipimo.

Ndani ya shale kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni bitumeni, yaani molekuli huru zilizojibana kwenye vinyweleo vya jiwe. Hii inayeyuka. Cha pili ni kerojeni, mabaki ya mwani na viumbe wengine yaliyoungana yakawa wavu mmoja mkubwa wa kaboni, hidrojeni, oksijeni, salfa na naitrojeni. Kerojeni haiyeyuki kwenye toluini, klorofomu, asetoni wala kiyeyushi kingine cha kawaida. Itavimba kidogo, basi. Shale changa, ile ambayo haijapata joto la kutosha ikiwa ardhini, karibu utajiri wake wote uko kwenye kerojeni. Hata shale ya Green River kule Marekani (Colorado, Utah na Wyoming), ambayo ni kati ya tajiri kuliko zote duniani, sehemu kubwa ya mata ogani yake (mabaki ya viumbe) ni kerojeni na bitumeni ni sehemu ndogo tu. Ukiiloweka mwaka mzima kwenye toluini utapata hiyo sehemu ndogo, na hutapata zaidi.

Angalizo kwa wanaookota mawe: jiwe jeusi la miteremko ya Meru au Kilimanjaro ni lava. Hilo halina kerojeni hata chembe. Shale inatafutwa kwenye mabonde ya mashapo, mfano miamba ya Karoo ya upande wa Tanga au bonde la Mandawa kule kusini.

Karibuni wenye utaalamu wa maabara.

#2 Chekecheo (Moshi)

Asante mkuu MwambaTope. Naweka utaratibu wa Soxhlet (chombo cha kioo kinachochemsha kiyeyushi na kukipitisha kwenye unga tena na tena) kwa anayetaka kujua shale yake ina bitumeni kiasi gani, maana namba nyingi zinazotajwa mitandaoni zimetoka kwenye kazi chafu.

Jiwe: kwangua sentimita moja ya nje yote, hapo ndipo kuna grisi ya mikono, moshi wa gari na mizizi. Kausha kwa nyuzi 40, usizidishe 60, la sivyo molekuli nyepesi zinaondoka kabla hujapima. Saga hadi ipite kwenye chekecheo la maikroni 150. Kuna wanaosaga hadi iwe vumbi kama poda ya mtoto wakidhani watapata zaidi. Udongo wa mfinyanzi ukiwa laini hivyo unashikana, kiyeyushi kinachimba njia moja tu katikati na pembeni panabaki pakavu. Kama sampuli inashikana, changanya na mchanga wa kwazi uliochomwa nyuzi 500.

Kipimo: gramu 50 za unga ndani ya kifuko cha selulosi, pamba ya kioo juu yake, kiyeyushi mililita 300 kwenye chupa ya mviringo, na vipande vya kuchemshia. Kifuko, pamba na vipande vyote vioshwe kwanza kwa kiyeyushi hicho hicho saa 24. Endesha saa 48 hadi 72. Dalili ya kumaliza ni kiyeyushi kilichoko kwenye chumba cha juu kuwa hakina rangi kabisa kwa mizunguko kadhaa mfululizo.

Kiyeyushi gani? Mchanganyiko wa diklorometani na methanoli kwa ujazo 93:7 ndio unaotumika sana, kwa sababu methanoli inang'oa molekuli zenye oksijeni zilizoshikamana na udongo, na mchanganyiko huo unachemka karibu kama kitu kimoja bila kubadilika sana njiani. Toluini inafaa kwa shale yenye asfalteni nyingi, yaani molekuli nzito kuliko zote za bitumeni. Heksani peke yake ni ya kuepuka, inaacha asfalteni na resini ndani ya jiwe na utaandika namba ndogo kuliko ukweli.

Kisha vukiza hadi zibaki mililita 2, hamishia kwenye kichupa kilichopimwa, malizia kwa mkondo mdogo wa gesi ya naitrojeni hadi uzito usibadilike.

#3 DadaReagenti (Arusha)

Kaka Chekecheo, umeruka shaba. Shale nyingi nyeusi zina salfa huru, na salfa inayeyuka pamoja na bitumeni. Mtu anapima miligramu 900 kumbe 200 ni salfa.

Chukua vipande vya waya wa shaba, visafishe kwa asidi hidrokloriki hadi viwe na rangi ya waridi inayong'aa, suuza kwa maji, kisha asetoni, kisha diklorometani, na uvitumbukize kwenye chupa ya chini kabla ya kuwasha. Vikigeuka vyeusi ni salfidi ya shaba. Ongeza vingine hadi vibaki vinang'aa. Usivisafishe leo ukavitumia kesho, hewa inavifunika na havishiki tena.

Jambo jingine ni plastiki. Mpira laini wa kupitishia kiyeyushi, mfuko wa nailoni uliobebea sampuli, kifuniko cha kichupa, vyote vinatoa vilainishi vya plastiki ambavyo kwenye kromatografia (kipimo cha kutenganisha molekuli moja moja) vinaonekana kama vilele virefu vizuri na mtu anashangilia amepata mafuta. Sampuli ifungwe kwenye karatasi ya alumini au kopo la chuma. Na kila safari ya Soxhlet iwe na moja tupu isiyo na jiwe, uzito wake utolewe kwenye matokeo.

#4 NjiroKemia (Arusha)

Naongeza la hapa kwetu, kwa sababu vitabu vimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari.

Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la Dar. Toluini inayoandikwa nyuzi 110.6 inachemka hapa karibu na 105. Hilo halina shida. Shida ni diklorometani: kitabuni nyuzi 39.6, hapa ni kama 35. Mchana wa Januari maji ya bomba yaliyokaa kwenye tangi la juu ya paa yana joto la kutosha kufanya kondensa (kipoza mvuke cha juu) isishike mvuke vizuri. Unarudi asubuhi unakuta chupa ya chini imekauka, bitumeni imeungua ukutani, na chumba kizima kimejaa mvuke. Tumia pampu ndogo ya kuzungusha maji kwenye ndoo yenye barafu, au kipoza maji cha nyuzi 5 hadi 10. Moshi mko chini kidogo ila kuna joto zaidi, kwa hiyo ushauri ni ule ule.

Umeme ukikatika na kurudi, hita inarudi yenyewe ila pampu ya maji inaweza isirudi. Funga hita kwenye swichi ya aina ile ambayo ikizimika haiwaki hadi mtu abonyeze. Toluini ina nukta ya kumweka ya nyuzi 4 tu, yaani kuanzia joto hilo mvuke wake unaweza kushika moto, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye cheche. Diklorometani inapenya glovu za kawaida za naitrili ndani ya dakika chache, kwa hiyo ikikudondokea vua papo hapo usisubiri.

#5 Chekecheo (Moshi)

Kweli kabisa dada, shaba ni lazima. Na mkuu Njiro, hilo la swichi liwekwe ukutani kila maabara.

Matokeo yaandikwe kwa namna mbili, miligramu kwa gramu ya jiwe na miligramu kwa gramu ya kaboni ogani (kaboni itokanayo na viumbe). Mfano jiwe lina kaboni ogani asilimia 10 na bitumeni miligramu 8 kwa gramu ya jiwe, hiyo ni 80 kwa gramu ya kaboni. Ukiona imepita 250, shuku uchafu au mafuta yaliyohamia humo kutoka kwingine.

#6 Kijenge_Migodi (Arusha)

Wakuu nawasoma kwa makini. Mimi nauliza upande wa uzalishaji. Kama jiwe limebana bitumeni na kerojeni, je, tukitanguliza asidi kuyeyusha chokaa iliyomo ili kufungua vinyweleo, halafu toluini, si mavuno yatapanda? Nimeona watu wanaita hizi "kemikali za kurekebisha mwamba".

#7 MwambaTope (Arusha)

Mkuu Kijenge, swali zuri. Asidi inafungua jiwe kweli, na maabara tunaitumia kila siku kutenganisha kerojeni. Ila tupige hesabu.

Kilo moja ya kalsaiti, yaani madini ya hiyo chokaa, inakula gramu 730 za asidi hidrokloriki. Ile ya kununua ya asilimia 37 ina kama gramu 437 kwa lita, kwa hiyo ni lita 1.7 kwa kila kilo ya kalsaiti. Tani moja ya shale ambayo nusu yake ni kaboneti inataka zaidi ya lita 800 za asidi kali, inatoa kilo 220 za gesi ya kaboni dioksidi na inakuachia dimbwi la kloridi ya kalsiamu. Yote hayo kwa ajili ya bitumeni ambayo huenda ni kilo 10 au 20. Na kerojeni bado iko pale pale, sasa ikiwa wazi lakini haijayeyuka.

Kwa anayefanya maabara: anza na asidi ya asilimia 10, mimina polepole kwenye chombo kikubwa mara tano ya ujazo wa sampuli kwa sababu povu litapanda. Asidi hidrofluoriki ya kula silika inakuja baadaye, na kaboneti lazima iwe imeisha na sampuli imesuuzwa, vinginevyo kalsiamu inashikana na floridi na unapata unga mweupe usiotoka tena. Asidi hiyo inakula kioo, ni vyombo vya plastiki ya tefloni au polipropilini tu. Bila jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 mezani na mtu wa pili chumbani, chupa isifunguliwe. Inapenya ngozi bila maumivu ya haraka na inafuata kalsiamu ya mwilini hadi moyo unashindwa.

#8 Mizani_Sawa (Moshi)

Kwa mkuu Kijenge tena, upande wa kiyeyushi chenyewe. Hapa ndipo miradi ya aina hii inapofia na watu hawalisemi vya kutosha.

Tani moja ya shale yenye bitumeni asilimia 1 inakupa kilo 10. Ili uioshe vizuri chukua tani 3 za toluini. Kuichemsha toluini yote ili uitenganishe na mafuta kunahitaji megajuli 0.36 kwa kilo ya kuivukiza, karibu megajuli 1,080, jumlisha 460 hivi za kuipasha kutoka joto la chumba. Jumla zaidi ya megajuli 1,500. Kilo 10 za mafuta zina kama megajuli 400. Utaokoa sehemu ya joto kwa vibadilisha joto, sawa, lakini tazama jambo la pili: unga uliochujwa unabaki umelowa. Ukishika asilimia 15 ya uzito wake, hizo ni kilo 150 za toluini zimelala kwenye jiwe. Utapitisha mvuke kuzitoa, na udongo hauachii zote. Poteza asilimia 1 tu ya ile tani 3, umepoteza kilo 30 za toluini kupata kilo 10 za mafuta mazito yenye salfa.

Kwa hiyo kabla mtu hajakuonyesha chupa ya mafuta aliyotoa, muulize alipima kiyeyushi alichoingiza na alichorudisha? Hilo ndilo swali la kwanza. Kama hana namba hiyo hakuna mradi wa kujadili.

#9 Kijenge_Migodi (Arusha)

Nimekuelewa mkuu, hesabu imekaa wazi. Sasa mbona mchanga wa lami wa Kanada wanautoa kwa maji ya moto na kemikali kidogo tu?

#10 MwambaTope (Arusha)

Kwa sababu ule ni mchanga, na bitumeni yake ipo tayari. Karl Clark miaka ya 1920 kule Alberta alionyesha kwamba maji ya moto yenye magadi ya kuongeza ualkali yanaitenganisha bitumeni na punje, kisha inaelea na povu. Inafanya kazi kwa kuwa kuna utando mwembamba wa maji kati ya punje na lami. Kwenye shale, mata ogani imefumwa humo humo na madini. Ukiweka magadi utapata tope.

#11 RetotiMoto (Arusha)

Naomba nilete upande wa joto, maana bila joto kerojeni haivunjiki na uzi utabaki nusu.

Viwanda vinavyotoa mafuta ya shale kweli kweli, Estonia wakiwa mfano wa muda mrefu, vinalikaanga jiwe bila hewa hadi karibu nyuzi 500. Wavu wa kerojeni unakatika, mvuke unatoka, unapozwa unakuwa mafuta. Kipimo cha kujua jiwe litatoa kiasi gani ni jaribio la Fischer: gramu 100 zilizosagwa chini ya milimita 2.38, kwenye retoti (chombo cha kukaangia bila hewa) ndogo ya alumini, panda nyuzi 12 kwa dakika hadi 500, shikilia hapo dakika 40, pooza mvuke kwa maji ya barafu, tenganisha maji na mafuta, pima. Ukipata gramu 8 za mafuta yenye msongamano 0.92, hiyo ni mililita 8.7, sawa na lita 87 kwa tani.

Ukipanda haraka kuliko hapo bila kupisha mvuke, mafuta yanakaa kwenye jiwe la moto, yanapasuka kuwa gesi na masizi. Ukipanda polepole mno yanaanza kujiunga na kuwa makaa. Ukipita 600 kaboneti nazo zinaanza kuvunjika, zinakula joto lako na kujaza gesi kwa kaboni dioksidi.

Sasa viyeyushi vinarudi hapa, kwenye joto, na hapa vina kazi ya maana. Kifungo cha kerojeni kinapokatika kwa joto, ncha zote mbili zinabaki na njaa. Zikikosa hidrojeni zinashikana upya na kuwa makaa. Tetralini, kiyeyushi chenye hidrojeni ya kugawa, inazipa: kila molekuli inatoa atomu nne za hidrojeni na kugeuka naftalini. Gramu 132 za tetralini zinatoa gramu 4 za hidrojeni, kama asilimia 3. Unachanganya unga wa shale na tetralini kwenye chombo cha shinikizo, unapasha nyuzi 350 hadi 430, na kerojeni inageuka kuwa vitu vinavyoyeyuka kwa joto lililo chini ya lile la kukaanga kavu.

#12 DadaReagenti (Arusha)

Kaka Retoti, naongeza mambo matatu kuhusu tetralini. Ikikaa na hewa inatengeneza peroksidi, kemikali zinazoweza kulipuka zikipashwa, kwa hiyo ipimwe kwa karatasi za peroksidi kabla ya kuchemshwa. Naftalini inaganda nyuzi 80, mabomba ya kutokea yasipopashwa yanaziba na shinikizo linapanda nyuma yake. Na sehemu ya tetralini inajishikiza kwenye bidhaa, ndiyo maana kuna watu wanaripoti mavuno ya asilimia 110. Pima jiwe lililobaki, choma sehemu yake kupata majivu, na hesabu kerojeni iliyoondoka kwa upande wa jiwe. Usitegemee uzito wa mafuta peke yake. Uwiano wa naftalini kwa tetralini mwishoni unakuambia hidrojeni kiasi gani imetumika.

#13 NjiroKemia (Arusha)

Na toluini iliyopita ukomo? Ukomo wake, yaani joto na shinikizo ambapo kimiminika na gesi havitofautiani tena, ni nyuzi 319 na bari 41. Hapo inakuwa kitu kati ya gesi na kimiminika, inapenya vinyweleo vidogo na kubeba vipande vizito mara vinapokatika, kabla havijashikana tena. Inatoa zaidi kuliko Soxhlet kwa sababu ya joto lenyewe, kiyeyushi kinafanya kazi ya uchukuzi.

Hatari yake ni kujaza chombo. Toluini baridi ina gramu 0.867 kwa mililita, kwenye ukomo inabaki 0.29. Kwa hiyo ujazo wa kiyeyushi baridi usizidi theluthi moja ya nafasi iliyobaki baada ya kuweka jiwe. Ukijaza nusu, kimiminika kinapanuka, kinamaliza nafasi na shinikizo linaruka ghafla. Chombo kiwe cha chuma cha pua cha 316 chenye diski ya kupasuka, hewa iondolewe kwa naitrojeni kabla ya kupasha. Bomba la maji lililochomelewa gereji halihusiki hapa kabisa, naomba hilo liheshimiwe, watu wana familia.

Wanaotumia kaboni dioksidi (nyuzi 31, bari 74) wajue kwamba ikiwa peke yake inabeba mafuta mepesi tu. Hapo ndipo kirekebishi, yaani kiyeyushi kidogo cha kuongezea, kinahitajika hasa: methanoli au toluini asilimia 5 hadi 10 inaifanya ishike molekuli zenye aromatiki na oksijeni. Kerojeni haiguswi, joto ni dogo.

#14 Mizani_Sawa (Moshi)

Na mafuta yakishatoka kazi haijaisha. Ya Green River yana naitrojeni karibu asilimia 2, ambayo ni nyingi mno kwa kiwanda cha kusafisha, na arseniki ya kuua vichocheo. Yanaganda kwenye joto la chumba. Ya Estonia yana fenoli nyingi. Lazima yapitishwe hidrojeni kwa shinikizo kabla hayajaitwa dizeli. Wanaouza wazo la "dizeli ya mawe" moja kwa moja kutoka kwenye ndoo wanamdanganya mtu.

#15 Kijenge_Migodi (Arusha)

Nashukuru sana wakuu. Kwa mwenye kipande cha shale mkononi leo, aanzie wapi bila kununua toluini?

#16 MwambaTope (Arusha)

Aanze na kupima kaboni ogani na Rock-Eval, mashine inayopasha unga wa jiwe na kupima mafuta yanayotoka. Kipimo hicho kinatumia unga usiofika gramu moja. Kinapasha nyuzi 300 kwanza na kuandika S1, hayo ndiyo yaliyo huru, karibu sawa na ambacho kiyeyushi kingekupa. Kisha kinapanda hadi 650 na kuandika S2, hayo ndiyo ambayo joto lingevunja kutoka kwenye kerojeni. S1 ikiwa miligramu 1 kwa gramu ya jiwe na S2 40, basi habari za kuloweka ziachwe, jiwe hilo ni la kukaangwa. Zote zikiwa chini ya 2, hakuna cha kuloweka wala kukaanga. Namba ya Tmax, yaani joto ambalo S2 inafika kilele, ikiwa chini ya nyuzi 435, shale bado changa.

Kaboni ogani aulize Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma, au maabara za chuo cha Nelson Mandela hapo Tengeru, wamwambie nini kinapimika na wapi Rock-Eval inapelekwa. Achukue jiwe bichi kutoka angalau nusu mita ndani ya uso uliochoka na mvua, gramu 200, kwenye karatasi ya alumini, aandike kina na mahali.

Na akija kuhitaji viyeyushi baadaye, toluini na asetoni ni kemikali bashirifu, yaani zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya. Zinanunuliwa kwa kibali kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda ipo hapa Arusha. Zilizotumika zihifadhiwe kwenye madumu mawili tofauti, zenye klorini kando na zisizo na klorini kando. Zikichanganywa hakuna atakayezipokea kuziteketeza.